Kabla Mwamuzi Hajainua Kidole

Mjomba wangu alitunza uwanja mmoja wa kriketi hapa Nairobi kwa miaka 24. Alikata nyasi, akavuta rola, akamwagilia maji ule ukanda wa katikati tunaouita pichi, na mvua ikianza kutisha alikimbia na turubai kuufunika. Nikiwa shule ya msingi, likizo zangu nyingi niliishia pale, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya kibanda cha vifaa, nikila mandazi na kutazama watu waliovaa nguo nyeupe wakicheza mchezo ambao hakuna rafiki yangu hata mmoja mtaani aliuelewa.

Siku moja mpigaji fulani, jamaa mnene mwenye kilemba, alirushiwa mpira ukapita kando ya gongo lake na kuingia kwenye glavu za mdakaji. Walioko uwanjani wakaruka wakipiga kelele. Mwamuzi akasimama kimya, mikono nyuma. Hajatoka. Mpigaji naye akatazama chini, akagonga ardhi kwa gongo mara mbili, akajipanga kwa mpira unaofuata.

Mjomba akanigusa bega. "Umemwona huyo? Umegusa."

"Umejuaje?"

"Sijui. Yeye ndiye anajua."

Nimekaa na maneno hayo muda mrefu. Mpira ukikwaruza ukingo wa gongo, hata kama ni kidogo kama unyoya, mikono ya mpigaji husikia. Mwamuzi amesimama mita ishirini hivi mbali, watu wanapiga kelele, upepo unavuma. Huenda asisikie kitu. Mdakaji anatumaini, mrushaji anatumaini. Katika uwanja mzima kuna mtu mmoja tu ambaye hahitaji kukisia, na ndiye ambaye ukweli utamuumiza.

Kriketi ina neno kwa mpigaji ambaye akijua ameguswa huondoka bila kungoja. Waingereza husema anatembea. Mjomba alisema "anajitoa", nami nitalitumia hilo. Sheria ya 31 ya mchezo huu inasema mwamuzi hamtoi mtu mpaka upande wa pili uulize. Lazima mtu auulize uamuzi. Lakini sheria hiyo hiyo imeacha mlango wazi: hakuna kinachomzuia mpigaji aliyetoka kihalali kuondoka kabla hajaulizwa. Haimlazimishi wala haimzuii. Imemwachia mwenyewe.

Swali langu ni hili: kosa ambalo hakuna aliyeliona, na ambalo hakuna anayeliulizia, nina deni gani nalo? Na je, deni hilo ni sawa kwa mwenye pesa na kwa asiye nayo?

Sijaanza kuuliza hivi juu ya kriketi. Nitafika huko.

Tarehe 18 Machi 2003, Port Elizabeth, Afrika Kusini, ilikuwa nusu fainali ya Kombe la Dunia, Australia dhidi ya Sri Lanka. Adam Gilchrist alikuwa na mikimbio 22 na ameanza vizuri. Aravinda de Silva akamrushia, Gilchrist akajaribu kuufagia mpira, ukagusa gongo, ukagonga pedi, ukaruka juu na Kumar Sangakkara akaudaka. Sri Lanka wakauliza. Mwamuzi Rudi Koertzen akatikisa kichwa. Hajatoka. Kwa hesabu za dunia nzima, mambo yalikuwa yameisha hapo. Gilchrist akageuka, akaanza kutembea kuelekea kwenye vyumba vya kubadilishia nguo.

Watu wakashangaa. Nusu fainali ya Kombe la Dunia! Mwamuzi amekuachilia! Na Waaustralia hawakuwa na sifa ya kujitoa hata kidogo.

Sasa rukia mwaka wa 2013, mwezi wa Julai, Trent Bridge, Uingereza. Safari hii ni Stuart Broad wa Uingereza, na Australia ndio wanaorusha. Ashton Agar akarusha, mpira ukagusa gongo la Broad, na hapa hatuzungumzii unyoya, uligusa kiasi kwamba mtu aliyekuwa nyumbani kwenye kochi aliona. Ukagonga glavu za mdakaji ukaingia mikononi mwa Michael Clarke. Mwamuzi akasema hajatoka. Australia walikuwa wamemaliza nafasi zao za kuomba video irudiwe, kwa hivyo hapakuwa na la kufanya. Broad akabaki pale, uso mkavu kama mtu anayengoja matatu. Alikuwa na mikimbio 37. Alipotoka hatimaye alikuwa na 65. Uingereza ikashinda mechi kwa mikimbio 14.

Fanya hesabu. Baada ya kuguswa, Broad aliongeza 28. Mechi iliamuliwa kwa 14.

Nataka kumtendea haki Broad, kwa sababu hoja za upande wake si za kitoto. Ya kwanza ni kwamba kuamua ni kazi ya mwamuzi. Analipwa kwa hilo. Mimi nikianza kuamua, nitakuwa nafanya kazi ya mtu mwingine. Ya pili ni kwamba mambo husawazika. Leo mwamuzi ananiachilia nikiwa nimetoka, kesho atanitoa nikiwa sijagusa kitu, na hiyo kesho hakuna atakayenirudisha uwanjani. Ya tatu ndiyo nzito: wiketi yangu si yangu peke yangu. Nyuma yangu kuna wenzangu 10. Nina haki gani ya kununua usafi wa roho yangu kwa pesa ya timu?

Wengi wetu tunaishi kwa hoja hizi tatu bila kujua zinaitwaje. Askari wa trafiki hakuniona, si kazi yangu kujishtaki. Mwenye duka amenirudishia chenji imezidi, lakini mwezi jana alinipunja unga. Nimedanganya kwenye fomu, lakini ni kwa ajili ya watoto.

Na kuna hoja ya nne, ambayo Broad hakuihitaji lakini mjomba angeweza kuitumia. Uungwana una bei, na si kila mtu anaweza kuilipa.

Kule Uingereza, mpaka mwaka wa 1962, wachezaji wa kriketi waligawanywa mafungu mawili rasmi. Kulikuwa na Mabwana, ambao hawakulipwa kwa sababu walikuwa na mali ya kwao, na kulikuwa na Wachezaji, ambao waliishi kwa mshahara wa mchezo. Waliandikiwa majina kwa namna tofauti, walibadilishia nguo vyumba tofauti, na katika viwanja vingine waliingia uwanjani kupitia mageti tofauti. Kila mwaka mafungu hayo mawili yalicheza dhidi ya mwenzake. Na maneno yote matamu kuhusu kriketi kuwa mchezo wa heshima yalikuwa maneno ya Mabwana. Cha kuchekesha ni kwamba W. G. Grace, bwana mkubwa kuliko mabwana wote, aliyehesabiwa kuwa halipwi, alijichumia kwa jina la gharama za safari pesa ambazo Wachezaji wengi wa kulipwa hawakuziota.

Mchezo huo ndio ulioletwa kwetu. Walowezi na maafisa wa serikali ya kikoloni walicheza kwao, Wahindi wakajenga vilabu vyao kufuata jamaa na dini, na Mwafrika alikuwa mtu wa rola, mtu wa kuokota mpira uliovuka ua. Vijana Waafrika waliokuja kuibeba Kenya kwenye mchezo huu, wengi walijifunza kando ya viwanja kama mimi nilivyokaa kwenye ndoo, ila wao walikuwa na vipaji na mimi nilikuwa na mandazi.

Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune nchini India, hao vijana pamoja na wenzao wenye asili ya Asia waliwapiga West Indies. Kenya ilikuwa imepata mikimbio 166 tu. Watu wakaanza kuhurumia. Kisha Rajab Ali akamtoa Brian Lara kwa 8, mpira ukadakwa na Tariq Iqbal, mdakaji mwenye miwani, na West Indies nzima ikaanguka kwa 93. Nahodha Maurice Odumbe alichukua wiketi 3 kwa mikimbio 15, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mechi. Mjomba huisimulia mechi hiyo kana kwamba alikuwa Pune. Hakuwa. Alikuwa na redio.

Lakini ile ya tarehe 24 Februari 2003 alikuwapo kweli, Nairobi Gymkhana, amejibana kwenye umati. Kenya 210, Sri Lanka 157, na Collins Obuya akachukua wiketi 5 kwa mikimbio 24. Kenya ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia, nchi ya kwanza isiyocheza mechi za Test kufika huko. Ndiyo, njiani New Zealand walikataa kuja Nairobi wakitaja usalama, tukapewa pointi za bure. Lakini Sri Lanka, Bangladesh na Zimbabwe tuliwapiga kwa mkono. Tarehe 20 Machi, siku mbili baada ya Gilchrist kujitoa, India ilitutoa kule Durban kwa tofauti ya mikimbio 91.

Nilikuwa na miaka mitatu. Nakumbuka kwa kusimuliwa.

Kilichofuata si kitamu. Miaka ikajaa migogoro ya malipo kati ya wachezaji na viongozi. Mwezi wa Agosti 2004 Odumbe, yule yule wa Pune, alifungiwa miaka 5 baada ya kupatikana na hatia ya kupokea pesa kutoka kwa watu wa kamari. Yeye alikana. Aliporudi kucheza mwaka wa 2009 alikuwa amefika miaka 40. Mwaka wa 2014 Kenya ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Leo ukimwambia kijana wa Pipeline au Githurai kwamba tuliwahi kucheza nusu fainali ya Kombe la Dunia, atakuuliza ni la mchezo gani.

Nilikuwa na maelezo rahisi ya kisa cha Odumbe, na niliyapenda kwa sababu yalinifaa. Niliwaambia watu: huyo alikuwa Mchezaji katika ulimwengu wa Mabwana. Wape watu utukufu bila mshahara, kisha mlete mtu mwenye bahasha, halafu ujifanye umeshangaa. Umaskini ndio ulioshika gongo.

Hiyo hoja ina ukweli ndani. Lakini haisimami peke yake, na aliyeiangusha ni Hansie Cronje. Cronje alikuwa nahodha wa Afrika Kusini, mtu wa kanisa, mwenye mshahara na mikataba. Mwaka wa 2000 polisi wa Delhi walinasa mazungumzo yake na mtu wa kamari, na mambo yakafumuka. Katika mechi moja alikuwa amekubali kuupanga mchezo kwa namna iliyowafaa wacheza kamari, na sehemu ya alichopata ilikuwa koti la ngozi. Koti! Na alipotaka wachezaji wa kumsaidia huko India, aliwaendea Herschelle Gibbs na Henry Williams, akawaahidi dola 15,000 kila mmoja ili wacheze vibaya. Wote wawili hawakuwa Wazungu, na wote wawili walikuwa na nafasi ndogo ya kumkatalia nahodha. Gibbs alitakiwa asifikishe mikimbio 20. Alipofika uwanjani akapiga 74. Alifungiwa miezi 6 kwa kukubali tu. Cronje alifungiwa maisha.

Kwa hivyo umaskini haukumfanya Cronje aibe. Ulichofanya ni kumchagulia nani wa kumtuma. Nadhani huo ndio uhusiano wa kweli kati ya pesa na maadili. Kosa la mwenye nacho na kosa la asiye nacho yaweza kuwa sawa kwa uzito, lakini bei ya kulikiri haifanani kamwe. Gilchrist alijitoa, na timu yake ikashinda bado, ikachukua na kombe lenyewe. Alikuwa na mkataba kabla ya kujitoa na alikuwa nao baadaye.

Sasa nije kwangu.

Mwezi wa Januari 2022 nilitumiwa ada ya muhula, Sh38,000. Mjomba alitoa 15,000. Mama alitoa 12,000. Shangazi aliuza mbuzi wawili, akatuma 11,000. Pesa ziliingia kwa simu Alhamisi jioni, na makataa ya kulipa yalikuwa Jumatatu ya wiki iliyofuata.

Nilikuwa nimeanza kubeti muhula uliotangulia, kama chumba kizima cha hosteli yetu. Shilingi 50, shilingi 100. Mara moja niliweka 500 nikapata 4,200, na nadhani hiyo ndiyo siku niliyopotea, si ile iliyofuata. Ijumaa usiku niliweka 3,000 kutoka kwa ada. Nikashinda kidogo. Jumamosi niliweka zaidi. Jumapili saa nne usiku nilikuwa na Sh640 kwa simu, na timu fulani ya Italia ambayo siwezi hata kukuonyesha mji wake kwa ramani ilikuwa imefungwa dakika ya 88.

Hakuna aliyeniona. Hiyo ndiyo sifa ya kamari ya simu. Baba wa zamani akipoteza mshahara wa mwezi kwa karata, mtaa mzima ulijua kabla hajafika nyumbani. Mimi nilikuwa kitandani, blanketi hadi kichwani, na mwenzangu wa chumba akiniuliza kama nimekula.

Jumatatu mjomba akapiga simu. "Umelipa?"

Nikasema, "Nimelipa, Mjomba. Asante sana. Mungu akubariki."

Kusema ukweli, mpaka hapo nilidhani uongo huo ni wa wiki moja. Nitapata pesa mahali, nitalipa, mambo yatarudi. Lakini bila ada hukupata kadi ya mtihani, na bila mtihani muhula unakufa, na muhula ukifa unahitaji ada ya mihula miwili. Nilianza kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao kwa malipo, kazi ambayo nayo ina maswali yake, na ndiyo iliyonifundisha kwamba naweza kuishi kwa kuandika. Nikahamia chumba kimoja na mpenzi wangu huko Kahawa. Nyumbani walijua niko hosteli.

Niliendelea hivyo miezi 14. Na hapa ndipo nilipomwelewa Broad, juu nilikuwa natumia hoja zake zote tatu. Si kazi yangu kujishtaki, wakitaka kujua wataomba matokeo ya mtihani. Mambo husawazika, nimepitia mengi magumu nisiyostahili, acha hili moja lipite. Na ile nzito: nikisema ukweli, mama atavunjika, presha yake itapanda, kwa hivyo ninanyamaza kwa ajili yao, kwa ajili ya timu.

Mpenzi wangu ndiye pekee aliyejua. Yeye hucheka akisikia neno kriketi, lakini ndiye aliyeniuliza swali ambalo mchezo mzima haukuwa umeniuliza. Tulikuwa tunakula ugali na sukuma, simu ikalia: mjomba ametuma 3,000 ya matumizi, kama kila mwezi. Nikafurahi. Akaniangalia.

"Hiyo ya kwanza ulipoteza," akasema. "Sawa, ulikosea. Na hii?"

Usiku ule nikachukua karatasi. Pesa nilizopoteza zilikuwa 38,000. Pesa walizonitumia baada ya mimi kusema "nimelipa" zilikuwa hizi: Sh3,000 kwa miezi 14, ambazo ni 42,000, na ada ya mihula miwili mingine, 76,000. Jumla 118,000. Kosa langu lilikuwa 38. Kunyamaza kwangu kulikuwa 118.

Ndiyo mikimbio 28 ya Broad. Mjadala wote wa kujitoa huwa tunaufanya kuhusu ile sekunde moja, mpira ukigusa gongo, kana kwamba swali ni la wakati huo tu. Lakini kuguswa si dhambi. Kila mpigaji huguswa. Jambo la kuulizwa ni kila mkimbio unaoupiga baadaye, juu ya pichi ambayo hukustahili kuwapo. Kunyamaza si kukaa bila kutenda. Ni kuendelea kucheza.

Na hoja ya timu ikafa pale pale. Broad angalau aliwanyamazia wapinzani. Waaustralia walikuja uwanjani wakijua kwamba hawa hawatatusaidia, na walikuwa na video zao wakazimaliza vibaya. Mimi niliowanyamazia hawakuwa upande wa pili. Walikuwa timu yangu. Hawakuuliza kwa sababu moja tu, kwamba waliniamini. Mwamuzi asipoona, huo ni udhaifu wa macho. Mama asipouliza, huo si udhaifu, ni zawadi, na mimi nilikuwa naitumia kama upofu.

Ndiyo maana hoja ya kwanza pia haishiki nyumbani. Uwanjani unaweza kusema kuamua ni kazi ya mwamuzi, kwa sababu yupo, amevaa koti lake, analipwa. Siku hizi hata kuna mashine za kusikiliza mguso, na mpigaji anaweza kusimama kwa dhamiri tulivu akijua video itasema. Nyumbani hakuna mwamuzi. Kati ya mtu na mjomba wake, kati ya mtu na mpenzi wake, hakuna aliyeajiriwa kutazama. Mkianza kuhitaji mwamuzi, jua mchezo wenyewe umekwisha.

Natamani niandike kwamba nilijitoa kama Gilchrist. Sivyo. Nilimwambia mpenzi wangu nitasema mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukapita. Akaniambia, bila kupandisha sauti, "Nakupa mpaka Jumapili. Jumatatu nampigia mjomba wako mimi." Jumapili nikapanda matatu nikaenda.

Je, huko ni kujitoa, ama kidole kilikuwa kimeshaanza kuinuka? Nimelifikiria hilo mara nyingi. Nadhani haikuwa uungwana. Nadhani pia si kitu. Nilikuwa nataka kukiri kwangu kunioshe, nitoke pale nikiwa mtu mwema. Lakini faida ya kukiri haikuwa yangu. Faida ilikuwa ya mjomba, kwamba kuanzia siku ile pesa yake ingekwenda mahali anapojua inakwenda. Kukiri kwa kusukumwa kulisimamisha hesabu pale pale 118,000, sawa na vile ambavyo kukiri kwa hiari kungefanya. Tofauti ni kwamba kwa hiari kungeisimamisha mapema.

Alikuwa nje ya nyumba, akinoa panga la kukatia nyasi, ingawa alikuwa ameshaacha kazi ya uwanja mwaka mmoja kabla. Nilimwambia yote, na jumla, nikamwonyesha ile karatasi. Akaiangalia muda mrefu. Hakunipigia kelele. Aliuliza jambo moja tu.

"Za shangazi yako ziko humu?"

"Ziko."

"Anza na hizo."

Akarudi kunoa panga lake.

Hapo ndipo nilipojifunza jibu la hoja ya nne, ile ya bei. Nilikuwa nimejiambia kwamba uungwana ni wa Mabwana, wenye akiba ya kuangukia. Lakini huyu mtu alivuta rola miaka 24 kwa mshahara ambao wanachama wa klabu wangeutumia kwa chakula cha mchana, na hakuwahi kurudi nyumbani na hata mpira mkuukuu usio wake. Nikitumia umaskini wetu kujitetea, nitakuwa ninamtukana yeye, ambaye alikuwa maskini kuliko mimi na hakuiba. Dunia inawatoza maskini zaidi kwa kosa lile lile, hilo nalishikilia, na anayehubiri uadilifu bila kuzungumzia mshahara simsikilizi. Ila hoja hiyo ni ya kuitumia kumtetea mtu mwingine. Ukiitumia kujitetea mwenyewe, inaharibika mkononi.

Shangazi nilimaliza kumlipa 11,000 zake baada ya miezi 5. Mama alilia, kisha akaniuliza ninakula nini. Chuo sikurudi. Mimi na yule mpenzi tuliachana mwaka uliofuata, kwa mambo mengine, ingawa aliwahi kuniambia kwamba kuishi na siri ya mtu mwingine kwa miezi 14 kulimchosha kuliko nilivyojua. Sikuwa nimemhesabu yeye kwenye karatasi yangu.

Mjomba namtumia 2,000 kila mwezi, mwezi mbaya 1,000. Hajawahi kujibu ujumbe wowote wa pesa hizo. Mwezi uliopita nilimtembelea, tukakaa kwa redio, akanieleza upya jinsi Lara alivyotoka Pune. Nilipokuwa natoka akaniuliza bado natuma kiasi gani kimebaki. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema hesabu yake inaonyesha hivyo hivyo.